Ordinateri Iliyozimwa kwa Adhana

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaolala mkiacha simu zenu zijirekebishe zenyewe mpaka asubuhi, kaeni kitako. Nataka mjue namna kazi ya msichana mmoja ilivyokwama ndani ya mashine, katika nyumba yangu ya Buyenzi, na namna Mungu alivyotutoa. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo, na nilikuwako.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Binti yangu, aliyefiwa na mume katika vita hiyo hiyo, alirudi kwangu na ordinateri moja, yaani kompyuta, nzito kama gunia la mchele. Tukaiweka sebuleni, tukaifunika kitambaa nilichokishona mwenyewe. Wanafunzi walimletea karatasi walizoandika kwa mkono, yeye akizipiga chapa, zikitoka safi. Bugari, ugali wetu tuliokula nyumba nzima, ulitoka pale.

Kati ya wanafunzi hao alikuwako msichana wa Kinama aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa na memwari yake, kile kitabu ambacho mwanafunzi hukitetea mbele ya walimu ndipo apewe diploma. Binti yangu alikuwa amekwisha kukipiga, kimebaki kusahihishwa tu, siku risasi zilipoingia mtaani kwao. Msichana na mama yake wakakimbia na nguo za mwilini. Nyumba ikaungua, na karatasi zake ndani, na disketi yake. Alipofika kwangu alisema anamshukuru Mungu kwamba kitabu kiko kwetu. Alitakiwa kukitetea wiki ile ile. Akikosa, mwaka mzima unapotea, na mama yake hakuwa na la kumlipia tena.

Sasa ordinateri ile ilikuwa mgonjwa. Disketi za watu zilileta virusi, ikawa inakwenda kwa kujivuta, mara inajizima. Aliyetuuzia alikuwa mfanyabiashara wa Asiatique, mtaa wa maduka, kijana wa familia ya Kiarabu iliyokaa mji huu kabla hata mimi sijazaliwa. Alimpa binti yangu sidii, akamwambia aiwekee mizajuri, yaani mashine ipewe maarifa mapya ya kujilinda. Binti yangu alitaka ipone kwanza ndipo asahihishe kitabu. Kutwa umeme haukuwako. Uliporudi jua likishuka, akaingiza sidii, mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaanza kutambaa kwenye kioo, naye akaenda jikoni kugeuza maharage.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya nyumba yangu. Adhana ikiita, hakuna redio, hakuna televisheni, hakuna kinachotoa sauti. Watoto walikuwa na ujanja wa kusema "bado kidogo, bado kidogo", kwa hiyo mzee wangu, mume wangu aliyekuwa dereva wa lori maisha yake yote, hakubishana na mtu. Alizima swichi kubwa ya nyumba. Tunasali, anawasha. Wakati wa vita nilikipenda kimya kile, maana sikio lilipata nafasi ya kusikia milimani kukoje, kama risasi zinakaribia. Jioni ile mwadhini akaita, na mzee akanyoosha mkono wake kama kila siku.

Tulipowasha, ordinateri iliamka, ikaonyesha alama yake, ikaingia giza, ikaamka tena. Ikawa kazi yake ni hiyo, haichoki. Binti yangu akabonyeza vitufe vya kuiamsha kwa dharura. Ikatoa orodha ya Kifaransa, akachagua mstari unaosema irudi kama ilivyokuwa siku ya mwisho ilipokuwa nzima. Ikasogea mbele kidogo, kioo kikageuka buluu na maandishi meupe, ikarudi pale pale. Asubuhi akajaribu sidii nyingine, ile iliyonunuliwa pamoja na mashine, ili irekebishwe bila kufutwa. Ikagoma pia.

Jirani yetu, fundi wa magari, akaja na brashi yake ya kabureta. Akafungua ubavu wa mashine, akatoa vumbi, akainama kusikiliza.

"Mama, hii yenu inapiga starta, lakini moto haishike," akasema. "Na mi sijue mafuta yake inapita wapi."

Tukacheka, hata sisi wenye uchungu. Mimi nilisoma dua. Dua ni dua, lakini mashine ilimtaka fundi wake.

Msichana akatukuta hivyo, ordinateri iko wazi tumbo.

"Dada, kitabu changu kiko?"

"Kiko ndani," binti yangu akamjibu. "Kukifikia ndiyo sijue."

Hakulia. Alikaa sakafuni akaanza kusema kurasa zake kwa sauti ndogo, apime amekumbuka kiasi gani. Alifika mahali akakwama, akarudi mwanzo. Jambo hilo ndilo lililonichoma.

Tukaifunga ordinateri kwa kitenge, tukaipeleka Asiatique, mzee akitufuata nyuma. Mfanyabiashara aliiwasha, akaitazama inavyojizungusha, akasema dawa yake ni kuiformata: kufuta yote na kuipanda upya, jioni tunarudi nayo nyumbani imepona. Binti yangu akauliza kuhusu kitabu. Akasema vya zamani vinapotea vyote, na kwamba wateja wengi wanachotaka ni mashine iwake.

Ndipo mzee wangu akasogea mezani. Tangu jana yake alijua ni mkono wake uliokatiza ile mizajuri.

"Mwanangu, mi ordinateri sijue. Lakini lori ikikufia njiani, unaanza kushusha mzigo ya watu, ao unaanza kufungua injini?"

"Unashusha mzigo, Mzee."

"Basi mzigo ya huyu mutoto haiwezi kushuka?"

Kijana alifikiri, akatabasamu. Akasema inawezekana. Ndani ya mashine kuna kisanduku cha chuma kinachoweka kila kitu. Angekitoa, akitie kwenye mashine yake mwenyewe, si kiiendeshe, kisomwe tu. Ni kazi ya kukaa, itabidi asihudumie wengine. Akatuagizia chai, akaegesha mlango wa duka, akachukua bisibisi.

Msichana alisimama nyuma ya kiti chake. Majina yalipojipanga kwenye kioo, binti yangu akaonyesha moja kwa kidole. Kijana akalifungua. Ukurasa wa kwanza ukatokea, na jina la msichana katikati. Akashuka nao mpaka wa mwisho. Hakuna kilichopungua.

"Soma kidogo," mzee akamwambia msichana.

Akasoma mstari wa Kifaransa kuhusu akina mama na chanjo za watoto. Mzee akatoka nje, akasimama akitazama barabara. Tulimwacha.

Kijana akakiweka kitabu kwenye sidii, akamkabidhi mwenyewe mkononi. Baada ya hapo ndipo alipoifuta mashine yetu, akaipanda upya na mizajuri yake, ikiwa imefungwa kwenye betri ya akiba umeme usije ukaikatiza tena. Tulifika Buyenzi saa ya kutotoka nje inakaribia.

Yule msichana alikitetea kitabu chake, akapita. Ni muuguzi mpaka leo, na mama yake alikufa akila jasho la mwanawe. Namshukuru kijana wa Asiatique aliyefunga duka kwa ajili ya mtu asiyemjua, katika siku ambazo kila mtu alikuwa akitafuta chake. Namshukuru mzee wangu, Mungu amrehemu. Mwanamume mwingine angeona haya, akanyamaza mpaka mwisho.

Jioni ile, kabla hatujala, watoto walidai swichi sasa iachwe, baba asiiguse tena. Nikawaambia swichi haina kesi, na mzee ataizima kesho na kesho kutwa. Nikamwita binti yangu na wote waliokuwa jikoni, wakasimama mbele yangu, nikasema:

"Kuanzia leo, kazi ya mutu hailale tena mu nyumba moja. Kila siku mbele ya sala ya magharibi munaiweka ku disketi, na disketi inaenda kulala kwa jirani. Mwenye hajaipeleka, asiguse sahani."