Waliuziwa mahindi wakaambiwa ni nafaka ya Ulaya: nilivyomlisha mpwa wangu kule Msangano

Wakuu, salaam.

Wa kunizidi umri humu ndani sidhani kama yupo, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, na aliyelishwa yuko hai, nikidanganya atanisuta.

Walisema sitaweza. "Mwanaume wa kuwapikia Wazungu mchuzi atalea mtoto aliyebemendwa? Atamzika!" Niliambiwa hadharani, kijijini Msangano, enzi za Mwingereza, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Jana nimekuta humu mtu anauza unga wa "detox", anawaambia mama wanaonyonyesha waache ugali na maharage wanywe poda yake. Nikasema hapana, leo naandika.

Nilitoka kwetu kwa miguu, sina viatu, nikaenda Kopabelti, kwenye migodi ya shaba. Nikapata kazi jikoni, hospitali ya mgodini. Huku nakata vitunguu, huku nasoma kwa posta, hadi nikapata diploma ya upishi na afya. Sikusomeshwa na mjomba wala misheni. Nilijisomesha. Mtaniambia najisifu. Ndiyo, najisifu.

Nikarudi nyumbani na suti na cheti changu.

Nikamkuta dada yangu Sabina amerudishwa kwetu, mtoto mgongoni. Mtoto anaitwa Eliza, ana miaka mitatu na ushee. Miguu imevimba, nywele zimekuwa rangi ya ndevu za mahindi, halii, hachezi, anatazama tu.

Mama mkwe wake alishatangaza kwamba Sabina amembemenda mtoto, yaani amevunja mwiko wa kitandani wakati bado ananyonyesha. Mtoto akifa, dada yangu ndiye muuaji. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikamuuliza, "Dada, huyu anakula nini?"

"Uji wa koniflawa, kaka. Mama mkwe alisema ulezi ni chakula cha washamba."

Wakuu!

Koniflawa tulikuwa tunaitumia jikoni kuufanya mchuzi uwe mzito! Basi! Ni mahindi yaliyokobolewa na kuchujwa mpaka hakuna kilichobaki ila weupe. Na pale Msangano mchuuzi mmoja, Lameki, alikuwa anaileta kwa baiskeli kutoka Tunduma, anawaambia kina mama ni nafaka ya Ulaya, inanenepesha watoto. Watu wanauza kuku wapate pakiti, na mahindi yamesimama nyuma ya nyumba!

Jumapili, watu wanatoka kanisani, nikamkamata pale nje.

"Lameki, koni ni nini?"

"Nafaka ya Ulaya, bwana mpishi. Inaota kwenye baridi."

"Koni ni mahindi, flawa ni unga, mwizi wewe!"

Sasa sikilizeni. Waliozima hoja yangu si washamba. Ni wenzangu waliotoka migodini! Kule Wazungu waliita mahindi "milizi". Kwa hiyo wakaangua kicheko: "Bwana mpishi, sisi Kiingereza tunakijua. Mahindi ni milizi. Koni ni kitu kingine!"

Mwenye neno moja la Kiingereza ni hatari kuliko asiye nalo kabisa.

Nikawaambia, basi mtoto nitamlisha mimi. Ndipo mama mkwe akasema yale ya kumzika. Nami sikuwa na shamba, ndiyo kwanza nimerudi. Ikabidi nikope chakula nyumba kwa nyumba. Huyu ulezi, yule maharage. Mzee mmoja wa Kamsamba akanikopesha samaki wakavu.

Mama mkwe naye akatoa ungo wa karanga, mbele za watu, kwa kejeli: "Haya, kopa na kwangu. Utanirudishia siku mtoto huyu akiubeba ungo huu mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikaupokea.

Nikampikia Eliza uji wa ulezi wenye karanga zilizotwangwa. Maharage nikayaponda, samaki nikamsagia laini. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mwanzoni alitema. Sabina alikuwa analia pembeni, mimi namfokea, "Shika kijiko, machozi hayashibishi!"

Asubuhi moja mtoto akalia kwa sauti kwa sababu kuku amemnyang'anya kipande cha samaki. Mimi na dada tukatazamana. Hakuna wimbo uliowahi kunifurahisha kama kilio kile.

Huku nalima, na suti nimeitundika.

Nisemalo ni hili: kabla hujanunua poda, uliza jina lake kwa lugha ya shambani kwenu. Asiyeweza kukujibu anakuibia. Hata akiwa na video mia. Na mtoto mgonjwa apelekwe hospitali, msiseme mzee kawazuia.

Nilipovuna, nikazunguka kulipa. Ulezi, maharage, samaki, kila aliyenikopesha alipata chake na nyongeza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe. Eliza alitangulia, ungo wa karanga kichwani, shingo imenyooka, miguu myembamba kama ya korongo. Watu walitufuata.

Akautua. "Bibi, mjomba anasema hatudaiwi tena."

Bibi akainama, akaishika ile miguu, akaibonyeza kwa kidole. Haikubonyea, uvimbe umekwisha.

Nikamwambia, "Mama, mimi nimemaliza. Sasa anayedaiwa ni wewe, na mdai wako yuko nyumbani anatwanga."

Alijifunga kitenge, akashika njia ya kwetu, kwa Sabina.

Haya, wauza poda, uwanja ni wenu. Jibuni, nipo macho.