Mama Mkwe Aliyejua Viatu Vyangu Tu

Mke wangu alisema wazi: hataki kusikia tena habari ya hoteli yangu ya ghorofa tatu, ile ninayoichora nyuma ya kalenda, mpaka ndoa yetu iandikishwe. Mama yake mdogo alifukuzwa kwa nyumba aliyoijenga kwa biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Mumewe alipofariki, mashemeji walisema hawamjui.

"Wewe ukianguka leo," akaniuliza, "mimi ni nani hapa Suna?"

Nilijiona nimeanguka, nikalia kidogo. Yeye ndiye alinibembeleza.

Kwa hivyo mawakili walipokuja kwa ofisi ya chifu kutoa ushauri wa bure, tulikuwa wa kwanza kwa laini. Wakili wetu, dada wa Pwani, alitueleza kwamba ndoa ya kimila inaandikishwa vizuri tu, bora kuwe na mashahidi walioshiriki. Mjomba wangu alikuwa ameshatia sahihi. Akabaki maro, yaani mama mkwe, ambaye ndiye alipokea ayie, zawadi ya mama kukubali binti yake aolewe. Alikuwa ametoka Homa Bay alfajiri.

Shida ni kwamba kwetu mtu na maro wake hawatazamani. Alipoingia kwa mlango, mimi niliruka nje kwa dirisha.

"Mmekosana?" wakili akashangaa.

"Hapana, madam," nikajibu kutoka nje. "Tunaheshimiana."

"Heshima ya kuruka dirisha?"

Akamgeukia maro, aliyekuwa amejifunika leso uso mzima. "Mama, huyo wa nje ndiye aliyeleta ayie?"

"Nitajuaje? Niliangalia viatu tu. Vyeusi, vya ncha, vinang'aa. Hebu ainue mguu."

Nikainua mguu mpaka dirishani. Nilikuwa nimevaa akala za tairi.

"Huyu simjui," maro akasema.

"Mama! Vile viatu aliazima kwa mwalimu wa kwaya!" mke wangu akasema.

"Basi aandikwe mwalimu wa kwaya!" mtu akapaza sauti kwa laini. Watu wakacheka hadi chifu akachungulia.

"Na sauti yake je, mama?" wakili akajaribu.

"Siku hiyo waliongea wajomba zake. Yeye alitoa jasho tu."

Wakili akafunika kalamu. "Mama, hapa hatukisii. Kama humjui, siwezi kuendelea."

Nikiwa na mguu bado juu, nilisikia mke wangu akisema polepole, "Mama, unataka nifanyiwe kama mdogo wako?"

Kisha maro akashusha leso, akanitazama moja kwa moja. Nilikodolea macho kuku wa chifu kama nataka kumnunua.

"Ni huyu," akasema. "Siku ile nilichungulia kidogo."

Laini nzima ikaguna: "Aaaa, mama!"

Akatia sahihi haraka, akarudisha leso usoni, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie arudishe viatu vya watu."

Jioni hiyo mke wangu aliteremsha kalenda ukutani, akauliza jiko la hoteli litakuwa ghorofa ya ngapi.