Upande Uliokula Jua

Gari langu ni jekundu upande wa kulia, na upande wa kushoto rangi yake haina jina. Wenye adabu husema limepauka. Dada yangu mkubwa, ambaye adabu alimwachia mama yetu, husema limekuwa rangi ya fizi. Mimi nasema liacheni.

Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia Dar. Nikamuuliza, nyekundu hii si itakimbia na jua? Akacheka. "Mama, Arusha kuna jua gani? Jua liko Dar." Nikamwamini, maana asubuhi ile nilikuwa nimevaa sweta. Hilo ndilo kosa letu watu wa hapa. Ubaridi wa Meru unatudanganya. Tunaona ukungu mlimani, tunajitanda, tunadhani na jua nalo linaona baridi. Kumbe liko juu ya vichwa vyetu linakula rangi taratibu, na wewe unapiga miayo ndani ya sweta.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameshafariki na binti yetu ndiyo kwanza ameanza shule. Nikawa nauza ndizi na parachichi kwenye buti, kando ya barabara Kimandolu. Kulia kwa gari palikuwa na ukuta mrefu wa nyumba ya watu. Asubuhi ukuta ule ulitukinga. Mchana jua lilihamia kushoto, na hapo gari likabaki peke yake kukinga. Binti akitoka shule nilimweka kwenye kigoda katikati ya gari na ukuta, kwenye kivuli, afanye kazi zake za shule. Alikuwa anaegemea mlango wa kulia, huku ule wa kushoto ukipigwa jua mpaka jioni.

Wenzangu wa biashara hawakukosa maneno. "Mama, si ulipeleke chini ya miti kule mbele? Unaliua gari." Chini ya miti kivuli kipo, wateja hakuna. Tungekula kivuli? Niliwaambia jua lazima lile kitu, basi na lile bati, mwanangu halimpati.

Barabarani pale nilizijua rangi zote. Nyeupe inazeeka kimya kimya, hujui imezeeka mpaka isimame karibu na mpya. Ya fedha inaficha vumbi na inaficha mikwaruzo, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Nyeusi usiseme. Jirani yangu aliuza mayai kwenye gari jeusi, na ukifungua mlango wake saa nane mchana ule moto unakupiga usoni kama umefunua sufuria. Tulikuwa tunamwambia alete chumvi tu, mayai yameshaiva. Akahama mwenyewe. Nyekundu yangu haikuchoma hivyo, ila haina siri. Kwanza ilipoteza mng'ao, halafu ikafifia, halafu ikaanza kutoa unga. Ukipitisha kiganja upande wa kushoto, kinatoka chekundu.

Unga huo ndio ulioleta vita mwaka binti alipoolewa.

Kwenye kamati ya harusi dada yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na huko kwetu dada mkubwa akishika kamati hata mchungaji anaomba ruhusa. Akatangaza kuwa bibi harusi atapanda gari jeupe la kukodi. Nikanyoosha mkono. Nikasema mambo mengine yote waamue wao, maua, keki, mpaka sare, lakini mwanangu kanisani nitampeleka mimi, kwa gari lililomlea.

"Kwenye ile fizi?" akasema dada. "Litamchafua shela! Watu watatuonaje?"

"Watuone na macho yao."

"Mdogo wangu, usinitie aibu. Kama unalitaka sana, basi lipake rangi."

Wakapiga makofi, eti suluhu imepatikana. Nikaondoka na hasira zangu, lakini nikaenda kwa fundi rangi Olasiti, maana nilitaka mwanangu aingie kanisani na mimi kuliko nilivyotaka kushinda ubishi.

Fundi akamwaga maji kwenye mlango wa kushoto, akaanza kuukwangua kwa msasa. Maji yakashuka mekundu mpaka chini. Nikayatazama. Yale yalikuwa mchana wangu wote, miaka yote ile, yanaingia kwenye mchanga wa watu. Baba yake hakuwepo kumkinga yule mtoto, na mimi nilikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa kwenye ndizi. Bati hilo ndilo lililosimama.

"Acha," nikasema.

"Mama, nitakufanyia liwe jipya kabisa."

"Jipya la nini? Lipige nta tu, nina safari."

Akalipiga nta, akanionya kuwa kwa rangi iliyokufa namna ile nta haidanganyi sana, unga utaendelea kutoka. Nikamwambia asante, simdanganyi mtu.

Siku ya harusi niliendesha mwenyewe mpaka kanisani kule Makumira, gauni nimelikunja magotini, binti nyuma yangu na shela lake limejaa kiti chote. Dada alikuwa anatungoja nje na mpiga picha. Akanielekeza kwa mikono miwili, sogea, rudi, hapo hapo, mpaka upande mwekundu ukawaangalia wageni.

"Ashukie kulia!" akapaza sauti.

Nikasikia shela linaburuzwa kwenye kiti. Mlango wa kushoto ukafunguka.

"Huko hapana!" Dada alikuja mbio na viatu vyake virefu. "Mwanangu, huko hapana, utachafuka!"

Binti alishasimama. Akamwita mpiga picha azunguke. Halafu akasema, kwa upole, maana upole hakuurithi kwangu, "Mama mkubwa, mimi nilikaa upande wa kivuli utoto wangu wote. Huu ndio uliokula jua langu. Leo napiga picha nao."

Akaegemea mlango. Akaegemea kweli kweli, mgongo mzima.

Alipoondoka pale, mgongoni kwenye shela jeupe palikuwa na doa la wekundu kutoka begani mpaka kiunoni. Dada akashika kichwa. "Yesu wangu!" Akatoa kitambaa afute, binti akamshika mkono. "Usifute, mama mkubwa."

Tukaingia hivyo hivyo, mkono wake kwenye mkono wangu. Minong'ono ikatufuata benchi kwa benchi. Nikanyoosha shingo. Wanong'one, walikuwa wapi saa nane mchana?

Mbele pale mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Kamati ilikuwa imempanga shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ajibu. Akakohoa kidogo, akajiandaa.

Nikaweka kiganja changu juu ya lile doa, nikajibu kabla yake.