Gitaa ya Besi Yapasuka Wakati wa Maombi

Mkono wangu una bahati. Mti wowote nikiushika, unatii!

Ndiyo maana kanisa letu hapa Kalamba lilinipa gitaa ya besi niiunganishe. Ilikuja vipande vipande kwa boksi.

Nikaona mwili ni mzito. Si sisi Wakamba ni wachongaji? Nikashika patasi, nikapunguza mbao pale shingo inaingia.

Leo ilikuwa siku ya gitaa kuombewa. Nimesimama mbele nimeishika, pasta amefunga macho.

Kraa!

Jamani, nyuzi za besi zinavuta kama ng'ombe wa kulima. Nikaona ufa unatambaa pale nilipochonga.

Na akina mama waliuza kuku wao ndio tuipate!

Nikaanza kulegeza nyuzi polepole, nikiomba pasta asifike amina.

Kumbe Susu Kalunde, nyanya aliyetoa jogoo wake wa pekee, hakuwa amefunga macho.

"Wewe Musyoka! Unafungua nini hapo?"

Nikaiweka chini, nikatoroka. Naandika hii nikiwa nyuma ya choo cha kanisa. Namsikia akiniita, na fimbo anayo.

Mnaojua gundi ya mbao, semeni haraka.

Bahati sina. Kabla ya hii, sijawahi kuunganisha gitaa maishani.