Nakala Moja ya Wasifu wa Baba

Kamera ya kompyuta yangu ya ofisini nimeiziba kwa plasta ya kidonda. Imekaa pale miaka, imegeuka rangi, na wenzangu wamechoka kunitania. Neno langu la siri sijaliandika popote. Nalibadilisha kila mgeni akipita nyuma ya kiti changu, na mara mbili nimelisahau mwenyewe, nikabaki naitumbulia macho mashine niliyoifunga. Simu ikiniomba ruhusa ya kujua nilipo, nakataa. Nilipo ni Nyamagana, ghorofa ya pili, nachapa barua za watu, na simu haihitaji kujua hayo.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini wasifu wa baba ulikuwa mahali pamoja tu.

Baba alistaafu kiwanda cha pamba Nyakato, akahamia Kisesa kulima. Mwaka mmoja kabla hajafariki aliniita, akasema nije na kompyuta yangu ndogo. Kwetu, kabla mwili haujapelekwa kaburini, mtu wa familia husoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Kila mtoto anayetajwa husimama ili watu wamwone. Baba alikuwa amechoshwa na historia hizo. Alisema amekaa kwenye misiba ya rafiki zake akasikia wanasomewa watu asiowajua, walevi wamegeuzwa wacha Mungu. Yeye alitaka yasomwe maneno yake mwenyewe.

Basi akasema, nikachapa. Tulienda vizuri mpaka tulipofika kwenye watoto. Sisi tulikuwa watatu: kaka yangu, mimi, na mdogo wetu wa kike.

"Andika wanne," baba akasema.

Akaeleza kwamba zamani alipopelekwa kufanya kazi mkoani Mara, kaka akiwa bado ananyonya, alizaa mtoto wa kike huko, na hakuwahi kumleta nyumbani. Mama alikuwa ameshafariki, lakini siku ile nilimwona kabisa amekaa pale kwenye kigoda chake, anatusikiliza. Nikachapa: watoto wanne, mmoja yuko Mara. Baba aliniangalia, nadhani akisubiri nimuulize jina. Sikumuuliza. Nilihifadhi faili nikafunga kompyuta.

Nilipomweleza kaka, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye angesoma, alisema sentensi ile itatuaibisha mbele ya mchungaji na wakwe, afadhali itolewe. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Ukweli ni kwamba hata mimi sentensi ile niliichukia. Lakini ilikuwa ya baba, alinikabidhi mimi, na sikuwa tayari kuona mtu mwingine anaigusa. Faili nikaliondoa kwenye kompyuta ndogo, maana wanangu huichezea. Kwenye barua pepe sikuliweka, kwa sababu mashine zinazotunza barua hizo ziko nchi za watu na sijui nani anazifungua. Kwenye simu ndiyo kabisa. Nikaliweka kwenye flashi moja, flashi kwenye pochi ya zipu, pochi ndani ya mkoba, na mkoba siuachi hata nikienda kunawa mikono. Ofisini huwa nawaambia watu kila siku kwamba faili lenye nakala moja ni faili ambalo mtu ameshaanza kulipoteza. Huwa nawaambia kwa sauti kabisa.

Wiki chache kabla ya baba kutuacha, kaka alikuja ofisini akaniazima ile flashi, eti apeleke nyimbo za kwaya kwenye kompyuta ya kanisa. Nilimuuliza kwa nini asitafute ya kwake. Akasema ni nusu siku tu. Baba alikuwa amelazwa, sikutaka ugomvi, nikampa. Aliirudisha jioni ile ile akiwa mchangamfu kuliko kawaida yake, na uchangamfu ule sikuupenda.

Siku moja kabla ya maziko nilikwenda kuchapisha wasifu kwenye duka la steshenari, mtaa wa pili kutoka kazini. Ofisini sikutaka, maana kila anayepita kwenye printa husoma karatasi za mwenzake. Dada mwenye duka alichomeka flashi, na kwenye kioo likatokea folda moja tu, lenye mshale mdogo kwenye kona. Aliniambia nisubiri, lakini nilikuwa nimeshashika kipanya na kubofya. Kioo kikapepesa, kikatulia. Wasifu haukuwepo, na hata barua zangu za kazi hazikuwepo.

Nilianza na yeye. Nilimuuliza kabla ya flashi yangu alichomeka ya nani. Akanijibu kwa upole kwamba mashine yake ina ulinzi na flashi imekuja hivyo hivyo. Basi nikajua. Nikatoka kibarazani nikampigia kaka, aliyekuwa Kisesa akisimamia viti na turubai.

"Kaka, faili halipo, umemfuta yule mtoto," nikamwambia. "Baba hajazikwa na wewe umeshamfuta mtoto wake."

Nilisikia watu nyuma yake wakigonga vyuma vya turubai.

"Sijafuta kitu," akasema. "Ukilipata hilo faili, lisome lote kabla hujanipigia tena."

Akakata simu. Nilirudi ndani na hasira zangu, nikaona kipanya kimesogezwa mbali na upande wangu. Dada akanieleza kwamba huo ni ugonjwa wa flashi. Kirusi huyaficha mafaili ya mtu, kisha huweka mshale mahali pake, na anayebofya ule mshale ndiye anayekisambaza. Wateja wake wengi huja wameshagombana na waliowaazima flashi zao. Wengine kompyuta huwauliza kama ifute flashi nzima ianze upya, wakakubali, na hapo ndipo vitu hupotea kweli. Akaenda kwenye menyu ya juu, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kuonyesha vilivyofichwa. Mafaili yangu yakajitokeza moja baada ya jingine, yamefifia rangi lakini yote yapo.

Niliona aibu, ila kidogo tu, kwa sababu jambo jingine nililiona hapo hapo. Faili la wasifu lilibadilishwa mara ya mwisho siku ile ile flashi ilipokuwa kwa kaka. Nikamwomba dada asogee, nikasoma mstari kwa mstari nikitafuta alipoiba. Kuzaliwa kwa baba kulikuwepo. Shule ilikuwepo, kiwanda kilikuwepo, mama alikuwepo. Nikafika kwenye watoto.

Sentensi niliyoichapa mimi, ya mmoja yuko Mara, haikuwepo. Mahali pake kulikuwa na orodha. Wa kwanza kaka. Wa pili, jina kamili la mwanamke nisiyemjua, na kijiji alichozaliwa, na jina la mama yake. Wa tatu mimi. Wa nne mdogo wetu. Maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa pili, na niliambiwa vinginevyo na kioo cha kompyuta, nimesimama dukani kwa watu. Kaka alikuwa amekwenda kukaa pembeni ya kitanda cha hospitali akamuuliza baba lile jina. Mimi nilikuwa nimekaa na baba asubuhi nzima, vidole vikiwa juu ya vibonye, na sikuliuliza.

Dada aliitibu flashi, akanichapishia wasifu, akalituma faili kwenye simu yangu, na safari hiyo sikubisha. Kaka sikumpigia. Sikujua ningeanza na neno gani.

Kesho yake watu walijaa uwanjani Kisesa. Nilikaa mstari wa mbele pamoja na wafiwa, mkoba mapajani, na kila mara niligeuka kutazama viti vya nyuma nikitafuta mgeni mwenye sura ya kwetu. Sikuwa na uhakika kama ameambiwa. Nilikuwa pia nikijiuliza, nakiri, kama akija atakuja kwa ajili ya baba au kwa ajili ya shamba. Mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga kitenge cha bluu, akaja akakaa kiti cha kando yangu, akanipa pole. Misibani huja watu wa kila aina, na wengine hutazama mikoba ya wenzao kuliko jeneza. Nikamwitikia kwa mkato, nikauhamishia mkoba wangu upande wa pili na kuubana kwa kiwiko.

Kaka akasimama mbele na karatasi niliyompelekea kupitia mdogo wetu. Alijitaja yeye kwanza. Kisha akasoma jina la pili, taratibu, na jina la kijiji, na yule mwanamke wa kando yangu akasimama. Alikuwa na paji la uso la baba.

Kaka akasoma jina langu, la tatu. Nikainuka, nikasimama bega kwa bega na dada yangu. Mkoba bado nilikuwa nimeubana upande ule mwingine, na yeye alikuwa ameniona nikiuhamisha.