Moyo Uliokazwa na Mungu

Kanisa letu la Kinango lilinuka mbuzi. Lilikuwa jirani na mnada wa mifugo, na kila Jumapili upepo ulituletea vumbi na harufu ya mavi mpaka katikati ya nyimbo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Mvua ilikuwa imekosekana, bwawa limebaki tope, na watu wazima, badala ya kupumzika, walibishana. Baba yangu alikuwa mwinjilisti na mdogo wake, baba mdogo Mwero, alikuwa mzee wa kanisa. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: mama yao, niliyemwita Hawe kama sisi Waduruma tumwitavyo bibi, alikataa kubatizwa.

Baba alishikilia kwamba binadamu huzaliwa na dhambi, lakini mlango wa toba u wazi kwa atakaye. Mwero alimletea habari za Farao: ikiwa Mungu mwenyewe ndiye aliyeukaza moyo wake, huko kutaka kungetoka wapi? “Basi mama yetu ana kosa gani?” Baba aliuliza. Jumapili iliyofuata walianza upya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Waumini walikuja kwa ajili ya mabishano zaidi kuliko mahubiri. Mimi nilimpenda Hawe kupita kiasi, nikauogopa moto kwa niaba yake, maana mwenyewe hakuuogopa hata kidogo.

Alipougua, wote wawili walikwenda kumwonya. Nilikuwa nikimkanda miguu. “Mama, nakuhofia,” Mwero akasema. “Mulungu ameukaza moyo wako.” Uso wa Hawe ukachangamka. Kwetu mtu akifiwa, au njaa ikimzidi, huambiwa akaze moyo, na yeye alikuwa amezika mume na watoto. “Ahsante, mwanangu,” akajibu. “Najua ni yeye. Peke yangu ningeweza wapi?” Mwero alifungua kinywa amsahihishe. Baba akamshika mkono, wakatoka. Hawe alifariki wiki ile ile, hajabatizwa. Kaburini Baba alisoma zaburi, akafunga kitabu, wala hakusema mama yake amekwenda wapi. Nilimsubiri aseme mpaka watu wakatawanyika.

Siku hizi kanisa lina mabati na vipaza sauti, na hoja ni zile zile. Mwanangu haamini. Kila Jumapili hunisindikiza mpaka mlangoni, amenishika mkono nisijikwae, kisha hugeuka akaenda zake. Wenzangu huniuliza kijana mwema hivyo ana moyo wa namna gani. Nimechoka kujibu, na nimechoka kusikiliza wanaojua kujibu. Namwomba Mungu jambo moja tu: kama ndiye aliyeukaza, aulegeze ningali hai.