Unga wa Mwalimu wa Fizikia

Penina, mpishi wa shule pale Themi, anamjua mwalimu wa fizikia kwa vidole vyenye chaki visivyotulia hata vikishika kikombe. Kila siku saa nne asubuhi mwalimu huja jikoni kunywa chai, na lazima aeleze jambo. Leo aliinamia sinia la unga wa chapati za mahafali. "Hii ni galaksi, kundi kubwa la nyota na gesi. Katikati kuna shimo jeusi. Likila gesi kwa pupa, hucheua upepo mkali, hivi!" Akapuliza. Unga ukatimka jiko zima.

"Mwalimu wee! Sasa chapati zitatoka wapi?"

Mwalimu akaruka kwa furaha. "Umepata! Gesi ikitawanyika, nyota mpya zitatoka wapi?"

Penina, mweupe kama theluji ya kilele cha Kibo, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamkabidhi ufagio.